Kilo Mbili za Sukari, Hausi Namba Sita

Vijana, mimi nimekata mawaridi miaka ishirini na sita na hakuna mwanamume aliyewahi kunipa hata moja. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kumnunulia mfanyakazi wa maua maua ni sawa na kumpelekea muuza samaki omena. Nilicheka naye, nikamsamehe, na siku ya harusi ya binti yetu nikambandika waridi kwenye koti bila kulitoa miiba.

Sasa nimestaafu. Nakaa kwa binti huyo huyo hapa Membley, na sebuleni kwake kuna maua ya plastiki ambayo huyapangusa vumbi kila Jumamosi kwa kitambaa chenye maji. Mimi hukaa kwenye kochi nikamwangalia na kunyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni vijana wa kanisa letu. Wamejenga kivungulio cha nyanya, ile nyumba ya plastiki, pale nyuma ya uwanja, na juzi waliniita niwaangalizie kwa nini nyanya zao zimekuwa ndogo kama gololi. Nikaingia, nikakuta kila mmea umebaki mti na matunda tu, kama kuku aliyenyonyolewa. Nikauliza majani yako wapi. Kiongozi wao, kijana mzuri mwenye simu kubwa, akaniambia waliyapogoa yote ili nguvu ziende kwenye matunda. Nilicheka mpaka nikatafuta ndoo ya kukalia. Halafu, nikiwa pale juu ya ndoo, nikakumbuka kwamba katika Kaunti nzima ya Kiambu mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kucheka.

Kwa hiyo nawaandikia wao, na ninyi wote mtakaoajiriwa kwenye mashamba ya maua baada yangu, niwaeleze jani ni nini. Nitaeleza kwa njia niliyoijua, yaani ya aibu.

Shamba letu lilikuwa kati ya Ruiru na Thika. Jina lake sitalitaja kwa sababu bado nina marafiki huko. Vile vivungulio tulikuwa tukiviita hausi, na kila hausi ilikuwa na namba yake na mzee wake. Hausi namba sita ilikuwa ya Mzee Mutiso, Mkamba wa Ngoliba, mrefu, mpole, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwa la kukaanga mayai. Cheti hakuwa nacho cha aina yoyote. Lakini maua marefu kuliko yote shambani yalitoka kwake, na wasimamizi wa hausi nyingine walikuwa wakipita mlangoni kwake polepole wakijifanya wanatafuta mtu.

Nilipopelekwa kwake mara ya kwanza nilitarajia mkasi. Akanipa ndoo, sabuni na brashi yenye mpini mrefu kuniliko, akanituma nikaoshe paa. Barabara ya malori ya mawe ilipita karibu, na vumbi lake lilikuwa likitua juu ya plastiki yetu mpaka inakuwa na rangi ya chai. Niliosha paa wiki mbili. Nikawaambia wenzangu yule mzee ana chuki na sisi Wakikuyu.

Wiki ya pili ilipoisha akaniita ndani, akanipa kipande cha gazeti. Akanisimamisha chini ya plastiki ambayo sijaiosha, akaniambia nisome. Nikasoma nikikunja macho. Akanisogeza hatua kumi, chini ya plastiki niliyoiosha, akaniambia nisome tena. Nikasoma hata yale matangazo madogo ya kupotea kwa ng'ombe. Akasema, "Wewe unatumia huu mwanga kusoma. Jani linautumia kupika. Sasa niambie, nani alikuwa anakula vizuri kabla uoshe?" Tangu hapo sikusema tena habari za chuki.

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Jani ni jiko, alisema. Maji yanapanda kutoka kwenye mizizi. Hewa inaingia kwa vitundu vidogo mno vilivyo upande wa chini wa jani. Moto ni mwanga wa jua. Na kinachoivishwa humo ni sukari, na sukari hiyo ndiyo mmea unaila, unaijengea shina, unaitengenezea ua, na ikibaki unaiweka akiba kama wanga. Mbolea mnayonunua kwa bei ya kulia si chakula cha mmea. Mbolea ni chumvi na viungo, na hakuna mtu aliyewahi kunenepa kwa kula chumvi.

Miaka baadaye alikuja mama mmoja mtaalamu wa mimea, akatupa semina ya siku mbili, nikagundua mzee hakuwa mbali na kitabu. Yule mama alisema mambo hufanyika kwa awamu mbili. Kwanza ile rangi ya kijani, klorofili, inaunasa mwanga. Nguvu ya mwanga inapasua maji, oksijeni inatolewa nje, na nguvu iliyobaki inawekwa ndani ya kemikali ndogo ndogo, jinsi mnavyochaji simu. Awamu ya pili haihitaji mwanga wenyewe. Inatumia ile chaji kuichukua hewa ya kaboni na kuiunganisha kipande kwa kipande mpaka iwe sukari. Chaji yenyewe haikai sana, kwa hiyo jua likizama, na hiyo kazi ya pili husimama muda si muda. Na tena akatuambia klorofili hupenda zaidi mwanga mwekundu na wa bluu, na ule wa kijani ndio inaoutumia kidogo na kuturudishia mwingi, ndiyo maana tunaona majani ni ya kijani. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Uzuri wote wa Kiambu ni mabaki ambayo majani hayakuyataka, na hewa tunayovuta ni moshi wa jikoni mwao.

Mzee Mutiso alikuwa na njia yake ya kuthibitisha. Alibandika utepe mweusi wa mafundi wa umeme katikati ya jani, akaliacha siku tatu. Kisha akalichuma, akalichovya kwenye maji ya moto, akaliweka ndani ya kikombe cha spiriti, na kikombe chenyewe akakisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali kabisa na jiko, kwa sababu spiriti inashika moto upesi sana. Jani likapauka likawa jeupe. Akalidondoshea ayodini ya vidonda. Jani lote likawa na weusi wa bluu, ambayo ni dalili ya wanga, isipokuwa pale utepe ulipokuwa. Pale palibaki na rangi ya ayodini tu. Hapakuwa na mwanga, kwa hiyo hapakupikwa kitu. Nililitazama lile jani kama mtu anayetazama picha yake ya hospitali. Tatizo ni kwamba spiriti na ayodini vilitoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza bila ruhusa, na nesi wa shamba alipoona chupa ya spiriti imepungua alimfuata mzee akamnusa mdomo mbele ya watu. Mzee alisimama wima akanuswa.

Sasa sikilizeni kuhusu matawi ya kulala, kwa maana kosa langu liko hapo.

Mwaridi hutoa matawi manene na matawi membamba. Manene yanaleta ua la kuuza. Membamba hayana faida sokoni, na mtu asiyejua atayakata. Sisi hatukuyakata. Tuliyapinda chini kabisa kwenye shina, tukayalaza pembeni mwa tuta, majani yakitazama juu, na kila yakijaribu kutoa tumba tunalidonoa kwa kidole. Tawi hilo halitazaa ua maisha yake yote. Kazi yake ni kupika. Kila tunapovuna tunaondoka na tawi refu pamoja na majani yake, yaani tunaiba jiko pamoja na sufuria, na mmea ungekufa njaa kama si hayo yaliyolala pale chini yanayoendelea kuivisha. Kupinda kwenyewe kunafanywa mchana, jua likishakausha maji mengi kwenye tawi likalegea. Ukilipinda asubuhi limejaa maji, linakatika kama karoti.

Lakini kwa macho, hausi yenye matawi ya kulala ni mbaya. Inaonekana kama mahali ambapo ng'ombe walilala.

Mwaka mmoja mvua ilipokaribia, Mzee Mutiso alichukua likizo ya wiki tatu akaenda Ngoliba kupanda mahindi na pojo. Nikaachiwa hausi kama kaimu supavaiza. Jamani, mimi! Nilinunua kitambaa kipya cha kichwa. Nilitembea katikati ya matuta mikono nyuma, na wale akina mama sita niliokuwa nikivuna nao juzi tu wakawa wanakonyezana nikipita.

Wakati huo huo tulikuwa tumepata meneja mpya, Bwana Gitau. Alikuwa kijana mstaarabu, mwenye viatu vinavyong'aa, na alitoka upande wa mauzo. Jumatatu akaingia hausi yetu kwa haraka, akaangalia chini, akainua mguu wa suruali, akasema, "Hii nyumba inakaa kama kichaka. Na wageni wanakuja Alhamisi." Akatoka. Hakuniambia nifanye kitu. Hilo mlikumbuke, kwa sababu mimi nilijitahidi sana kulisahau.

Nilijua matawi yale ni ya nini. Nilifundishwa, nililiona jani la utepe kwa macho yangu. Lakini nilikuwa kaimu, na nilitaka hilo neno kaimu liondoke. Nikajiambia mmea ni mmea, utatoa mengine. Jumanne na Jumatano tukakata matawi yote ya kulala, hausi nzima, tukayapeleka kwenye mboji kwa mikokoteni. Wale akina mama waliponiuliza, niliwaambia ni amri kutoka ofisini.

Alhamisi wageni walikuja, wakaona sakafu safi na miti imesimama kama wanafunzi kwenye gwaride. Meneja akanisifu mbele ya watu, akaniuliza jina langu, akaliandika. Na maua ya wiki zilizofuata yalitoka vizuri kabisa, kwa sababu mmea ulikuwa unakula akiba yake. Nikaanza hata kufikiri kwamba Mzee Mutiso alikuwa akitusumbua bure miaka yote.

Aliporudi alisimama mlangoni. Hakuingia. Alivua kofia yake, kitu ambacho sikuwahi kukiona, na kichwa chake kilikuwa na upara mdogo wa kushangaza.

Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ofisi.

"Meneja mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe. Hataki kuyaona tena."

Akasema shamba ni lao, akavaa kofia, akaanza kazi. Mnaona nilivyofanya? Siku ile ile angeweza kupinda mengine na kuiponya hausi. Lakini nilikuwa nimemwambia ofisi haitaki, na yeye hakuwa mtu wa kubishana na ofisi. Uongo wangu ulifunga na mlango wa kutokea.

Yaliyofuata hayahitaji semina. Wimbi la pili la maua lilikuja na mashina membamba ya kuchokolea meno, na vichwa vidogo kama vifungo vya shati. Agizo kubwa la sikukuu ya wapendanao lilikuwa linakuja. Bwana Gitau akatembea kwenye hausi zote, akaona namba tano nzuri, akaona namba saba nzuri, akaona yetu. Hakujua chochote kuhusu matawi. Alichojua ni kwamba hausi iliyokuwa safi na nzuri mzee akiwa likizo ilikuwa imeharibika mzee aliporudi. Akaandika barua. Mzee Mutiso afike ofisini Ijumaa saa tatu asubuhi aeleze kwa nini asifutwe kazi.

Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Alikuwa anajenga nyumba ya mawe kule Ngoliba na kuta zilikuwa zimefika madirishani. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia. Hakusema kwamba meneja ndiye aliyeamuru. Alidhani meneja anajua, na anamtafutia sababu tu, na mtu mzima hapigani na mtu anayemtafutia sababu. Meneja naye alimwona amenyamaza, akadhani mzee anakubali kosa. Watu wawili waungwana, na mimi katikati yao nimekalia jibu.

Mtauliza, Wambui, ulifanya nini? Nilifanya jambo la kisayansi.

Nilifikiri hivi. Kazi ya jani ni kupika sukari. Majani nimeyakata. Kwa hiyo mmea hauna sukari. Na sukari si ipo dukani? Jumatano nikapita Thika, nikanunua kilo mbili. Alhamisi, wenzangu wakiwa kwenye chakula cha mchana, nikaikoroga kilo moja na nusu ndani ya debe la kumwagilia, nikaimwaga kwenye tuta la tisa, mmea kwa mmea, huku nikiibembeleza miti kama mtoto anayekataa uji. Iliyobaki nikaifungia kwenye kabati langu katika chumba cha kubadilishia nguo. Niliwaza ikifika kesho saa tatu tuta la tisa litakuwa limenyooka, nami nitamwita meneja aone.

Sasa msije mkanunua sukari. Mizizi hunywa maji na chumvi za udongoni. Haina njia ya maana ya kula sukari uliyoimwaga pale, na hata kama ingekuwa nayo, mmea unataka sukari nyingi kila siku ya Mungu na unajipikia wenyewe. Sukari ya udongoni ni ya ukungu na wadudu.

Ijumaa asubuhi sisimizi wa Kiambu yote walikuwa wamepata habari. Walifunika tuta la tisa likawa linatembea. Mstari mmoja ulitoka hapo ukaelekea chumba cha kufungashia maua, na kule tena wafungashaji wakakuta sisimizi ndani ya boksi lililokuwa liende ng'ambo. Mnajua maana ya mdudu ndani ya boksi la ng'ambo. Bwana Gitau akamtuma askari wa mlangoni, Njoroge, afuate mstari mpaka ajue wanatoka wapi. Njoroge alikuwa mtu wa kufuata amri kwa herufi. Alichukua kijiti, akainama, akaanza kufuata.

Saa tatu Mzee Mutiso akaingia ofisini kofia mkononi. Na saa tatu na dakika chache mimi nikafungua mlango ule bila kubisha. Ndani walikuwa wao wawili tu, meza katikati, na barua juu ya meza.

"Bosi, si yeye," nikasema. "Ni mimi nilikata."

Bwana Gitau akaniangalia. "Ulikata nini?"

Ikabidi nieleze kila kitu, kwa sababu hakujua kwamba kuna kitu kilikatwa. Nikaeleza matawi ya kulala, nikaeleza jiko na moto na sukari, nikaeleza vile alivyosema kichaka na vile nilivyotaka kusifiwa. Nilikuwa nalia, na nikilia Kiswahili changu kinakuwa Kikuyu kitupu, kwa hiyo sehemu nyingine meneja alizielewa na Mzee Mutiso hakuzielewa. Mwisho meneja akauliza ni nani aliyeniambia niyakate. Nikasema hakuna.

Akamgeukia mzee. "Na wewe ulinyamaza muda huu wote?"

"Niliambiwa umesema wewe," akajibu Mzee Mutiso.

"Si ungeniuliza?"

"Nilidhani unajua unachofanya."

Meneja akavuta ile barua upande wake, akaitazama kama ya mtu mwingine. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, mimi waridi nalijua likiwa ndani ya boksi. Tangu nije hapa naogopa kukuuliza."

Hapo mlango ukafunguliwa na Njoroge akaingia amejaa jasho, na mkononi ana pakiti ya sukari iliyojaa sisimizi, akitangaza kwamba ameitoa kwenye kabati namba kumi na nne la wanawake. Meneja akaniangalia, akaangalia pakiti, akasema, "Basi, Njoroge. Ameshasema."

Nilikuwa sijasema. Sikuwa nimegusa habari ya sukari hata kidogo. Nikaieleza sasa, tuta la tisa na debe na kubembeleza, na Mzee Mutiso, ambaye dakika tano kabla alikuwa karibu kufukuzwa, akafunika uso kwa kofia na mabega yake yakaanza kutikisika. Alipoweza kusema aliniambia, "Wambui, mmea haunywi chai."

Barua yake haikuonekana tena. Mimi nilipata yangu ya onyo, na neno kaimu likaondoka kama nilivyotaka, pamoja na neno supavaiza. Nikarudi kwenye matuta. Mzee Mutiso alisema dawa ni moja tu, kila mmea utoe tawi moja zuri, lenye tumba tayari, lilazwe. Yaani maua ya wapendanao, yenye soko, tuyapinde chini na kuyadonoa vichwa. Bwana Gitau alimeza mate akakubali. Nilipiga magoti wiki nzima nikidonoa matumba yale kwa kidole changu, na kila moja niliomba msamaha, kwa sauti, mpaka wale akina mama sita wakaniomba ninyamaze.

Siku ya kwanza ya kupinda, meneja mwenyewe alikuja saa mbili asubuhi na gambuti mpya, anataka kufundishwa. Akashika tawi, likakatika. Akashika la pili, likakatika. La tatu hata hakulipinda, alilitazama tu likakatika. Mzee Mutiso akamwambia kwa heshima zote arudi saa nane mchana. Na alirudi, na akajifunza, na baadaye alikuwa meneja mzuri kuliko wote tuliokuwa nao. Kabla ya msimu kwisha hausi namba sita ilikuwa inatoa mashina manene kama kidole gumba.

Mzee alifanya kazi miaka yake miwili akamaliza. Siku ya kumuaga palikuwa na hema, soda na keki. Aliposimama kuzungumza alisema amefanya kazi na watu wengi shambani pale, lakini mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kufungua mlango wa ofisi mwenyewe, bila kuitwa, akajitwika kosa lake ili mwenzake asifukuzwe. Akaninyoshea mkono. Watu wote wakapiga makofi, na mimi pia nikapiga makofi. Hadithi hiyo ilibaki shambani. Wageni walioajiriwa baada ya hapo walikuwa wakiambiwa, yule ndiye Wambui, na walinisalimia kwa heshima ambayo niliizoea haraka.

Sasa niwaambie ninyi. Alhamisi jioni mimi nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Nilikuwa nimepanga kukaa hausi mpaka kikao kiishe, na nilikuwa hata nimetafuta maneno ya kumpa pole mzee akitoka. Ijumaa nilikuwa nimesimama pale pale nilipopanga, mpaka nilipomwona Njoroge ameinama na kijiti chake, anafuata mstari wa pili wa sisimizi, anatoka mlango wa hausi, anavuka uwanja, anafika kwenye ngazi ya chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake na kusimama kuomba ruhusa ya kuingia. Nikajua nina dakika chache. Nikaona ni bora nije mwenyewe kuliko kuletwa, nikakimbia.

Mwaka jana Mzee Mutiso alifariki. Tulimzika Ngoliba, karibu na ile nyumba ya mawe, ambayo aliimaliza na kuiezeka mabati ya kijani. Nilipewa nafasi ya kuzungumza kama mwakilishi wa wafanyakazi wenzake. Nilisimulia kuhusu jani la utepe, nikasimulia kuhusu chai ya mimea, watu wakacheka huku wanalia, na nilipofika kwenye mlango wa ofisi nikasimulia vile alivyokuwa akisimulia yeye. Mjane wake, Mama Mutiso, alinishika mikono yote miwili, akaniambia mzee alikuwa akiwaambia watoto wao wawe kama mimi. Nikampa pole. Maneno yalikuwepo tayari, nilikuwa nayo tangu Alhamisi ile.